Kuku wa hariri Bukavu: kutafuta shida chini ya manyoya

Mvua ya Bukavu haimpigi kuku wa hariri kama inavyompiga kuku wa kienyeji. Wa kienyeji hujikung'uta, maji yakaruka, akaendelea kuparua. Huyu wa hariri, ambaye wauzaji wengi wanamwita poule soie, manyoya yake hayana vile vindoana vidogo vinavyoshikamanisha unyoya mpaka ukawa kama bati. Kila uzi unasimama peke yake kama sufi. Maji hayatelezi juu yake. Yanaingia moja kwa moja hadi kwenye ngozi. Naanza na hilo kwa sababu shida nyingi nilizoitiwa na majirani wa Panzi na Muhungu zilianzia hapo, hata zile ambazo mwenye kuku alikuwa anatafuta dawa ya kitu kingine kabisa.

Jambo la pili linalompoteza mfugaji ni rangi. Kuku wa kawaida akiugua, upanga wake mwekundu wa kichwani unapauka au unageuka samawati, na wewe unaliona hilo ukiwa mlangoni. Wa hariri upanga wake ni zambarau iliyokoza tangu mwanzo, na uso wake ni mweusi. Akiishiwa damu kwa sababu ya utitiri, sura yake haibadiliki. Akikonda, manyoya yanamficha, unaona mpira uleule wa sufi unatembea uani. Ndiyo maana ninasema kuku huyu anachunguzwa kwa mikono.

Weusi wenyewe si ugonjwa. Ngozi, nyama na mifupa ni nyeusi kwa asili, vidole ni vitano badala ya vinne, na ndewe za masikio mara nyingi zina rangi ya buluu. Mama mmoja jirani alimchinja wa kwanza, akaona nyama nyeusi, akaitupa yote akidhani imeoza au imerogwa. Iliniuma sana, maana ilikuwa nyama safi. Marco Polo aliandika tangu karne ya 13 juu ya kuku wa China wenye nywele kama za paka, na Wachina mpaka leo wanaipika nyama hii supu kwa wagonjwa na wanawake waliotoka kujifungua.

Kabla ya dawa yoyote, mshike

Mshike usiku, wakati ametulia. Weka kidole kwenye mfupa wa kifua. Ukisikia nyama pande zote mbili, yuko sawa. Ukisikia mfupa unachongoka kama kisu, amekonda kwa wiki kadhaa na wewe hukujua. Pima gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo: jioni lazima liwe limejaa, asubuhi kabla ya kula liwe tupu. Likiwa bado gumu asubuhi, au limejaa maji yanayonuka, chakula hakishuki. Fungua manyoya chini ya mkia na chini ya mabawa, uangalie kwa tochi. Halafu pitisha vidole kwenye miguu yote miwili, chini ya manyoya ya miguuni, hadi kwenye unyayo.

Kila Jumamosi mimi nawapima kwa mizani ndogo, ile ya kupimia unga, na kuandika kwenye daftari. Ukubwa unatofautiana sana kati ya uzao na uzao, kwa hiyo usiulize kuku wa jirani ana uzito gani. Mlinganishe kuku na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita. Aliyepoteza gramu 100 ndiye wa kumtazama, hata kama anakimbia na wenzake.

Amelowa, anatetemeka, amefumba macho

Usimwache akauke juani. Kuanzia Septemba hadi Mei jua la hapa si la kutegemea. Mpanguse, mfunge kwa kitambaa kikavu, mweke ndani ya katoni pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa nguo. Katoni inaweza kukaa jikoni, mbali kidogo na mbabula (jiko la makaa), kama mlango uko wazi. Ila mbabula ya makala isiingie kamwe ndani ya banda lililofungwa, wala chumbani unamolala. Hewa yake yenye sumu haina harufu. Inaua kuku, na inaua watu pia.

Akikauka akaanza kula siku hiyohiyo, ugonjwa haukuwepo, ni banda. Nenda ukaliangalie wakati mvua inanyesha, si baada ya mvua. Kwenye parseli zetu za mteremko maji huingilia chini, kutoka upande wa juu: chimba mfereji pale juu na uinue sakafu. Mvua ya upepo kutoka ziwani inaingilia pembeni: refusha mabati yapite ukuta kwa nusu mita au zaidi, na upande unaopigwa na upepo uzibwe mpaka kimo cha goti, hewa ipite juu. Kuku hawa hawaruki, na wengi wanalala chini wamerundikana. Fito la kulalia likizidi sentimita 30 watalitazama tu. Kwa hiyo sakafu ndiyo kitanda chao. Maranda makavu ya kwa fundi mbao, unene wa kiganja, yageuzwe kila siku mbili. Ukifinya konzi yakashikamana kama ugali, yatoe.

Wakati mwingine kuku amelowa kifuani na kidevuni tu, na mvua haijanyesha. Hapo kosa ni bakuli la maji. Ndevu zake zinazama kila anapokunywa na haziwahi kukauka. Geuza chupa juu ya kisahani chembamba, aingize mdomo peke yake.

Miguuni udongo wetu wa mfinyanzi unajifunga kwenye manyoya ya vidole na kukauka kama jiwe. Usiuvute, utang'oa kucha. Loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu dakika 10, ufinyange polepole mpaka ulainike. Akichechemea na hakuna donge, bonyeza unyayo: uvimbe wenye joto na kigaga katikati ni jipu la unyayo, linaloanza na mkwaruzo. Kwenye ngozi nyeusi kigaga hicho hukioni kirahisi, kidole ndicho kinakitambua.

Shingo imepinda, anaangalia mbingu au anarudi nyuma

Hii ndiyo inayowatisha watu kuliko zote, na ndiyo inayofanya wengi wachinje kuku ambaye angepona. Jirani aliniita: "Yaya, kuku yangu anaangalia mbingu tu." Nilikuta kisu kiko tayari. Kuku yule alipona, ila ilichukua karibu wiki tano za kumlisha kwa mkono.

Ujue kwanza kwa nini wa hariri wanapatwa zaidi. Wengi, hasa wenye kishungi kikubwa, wana nundu juu ya fuvu, na pale kwenye nundu mfupa unaweza usifunge vizuri juu ya ubongo. Pigo moja la mdomo wa jogoo wa kienyeji, ambalo kuku mwingine angelisahau, kwake linavimbisha ubongo. Ukiona shingo imepinda, jiulize hivi.

Je, ni mmoja au ni wengi? Wakiwa wengi, tena kuna wanaokohoa, wanaohara kijani, au waliokufa ghafla, fikiria kideri na uende moja kwa moja chini kwenye sehemu yake. Kideri humwacha aliyenusurika na shingo ya kupinda.

Kama ni mmoja, mkubwa, na jana alikuwa mzima, fungua kishungi utafute kidonda, uvimbe au damu iliyoganda. Ukikiona, umepata sababu. Mtenge na uchunguze anaishi na nani. Ninasimama kwenye jambo hili bila kuyumba: kuku wa hariri hachanganywi na jogoo wa kienyeji katika ua mmoja, hata kama nafasi ni ndogo.

Kama ni kifaranga wa wiki 2 hadi 5 anayeanguka, anapiga miguu hewani na kichwa kimejikunja, shuku vitamini E. Nusa chakula. Soya iliyosagwa, pumba na unga wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, vina mafuta, na katika unyevu wa hapa mafuta hayo yanaharibika haraka. Chakula kinachonuka mafuta ya zamani hakina tena vitamini E. Nunua kidogokidogo, kwa wiki mbili au tatu, hata kama gunia zima ni nafuu.

Kama kichwa kimevutwa nyuma hadi mgongoni na kuku amekaa anatazama juu, inaweza kuwa upungufu wa vitamini B1. Baadhi ya samaki wa jamii ya dagaa wakiliwa wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini hiyo tumboni, na moto ndio unaokiua. Kwa hiyo sambaza wa kuku wapikwe kwanza, kisha wakaushwe. Sababu nyingine ya B1 kupungua ni dawa ya kuhara damu, na nitaieleza mbele.

Matunzo ni karibu yaleyale kwa sababu zote hizi isipokuwa kideri. Mahali pa giza kidogo, patulivu, katoni nyembamba yenye kitambaa kilichokunjwa pembeni asijipindue. Wafugaji wengi wa kuku hawa wanatoa kidonge kimoja cha vitamini E cha 400 IU kwa siku, kile cha watu: kitoboe kwa sindano, kamulia mdomoni tone kwa tone. Ongeza yai lililochemshwa au mbegu za alizeti zilizopondwa, zina selenium inayosaidia vitamini E ifanye kazi. Changanya vitamini B kwenye chakula. Mlishe uji mzito mara nne kwa siku na umshike kichwa anapokunywa, kwa sababu wengi wanaokufa wanauawa na njaa na kiu, wanapiga mdomo pembeni ya bakuli bila kulifikia. Usiache dawa shingo inaponyooka. Endelea wiki mbili zaidi.

Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma

Hapa sina habari njema. Kuku wa wiki 6 hadi 30 ambaye miguu inalegea, mmoja umenyooka mbele na mwingine nyuma, anakula vizuri lakini anakonda, huenda ana ugonjwa wa Marek. Wakati mwingine duara la rangi kuzunguka mboni linakuwa la kijivu, na mboni yenyewe haina umbo la mviringo. Ni virusi, havina dawa, na kuku wa hariri wanajulikana kwa kuwa wepesi kuvipata. Vinasafiri katika vumbi la manyoya na vinaweza kudumu miezi mingi bandani.

Chanjo yake inatolewa siku ya kwanza baada ya kuanguliwa, kabla kifaranga hajakutana na vumbi hilo. Kumchanja mkubwa aliyekwisha ambukizwa hakumsaidii. Kwa hiyo ukinunua, muulize muuzaji kama vifaranga walichanjwa Marek, na usilaze vifaranga katika banda moja na wakubwa. Kabla ya kukata tamaa, lakini, kagua mguu: donge la udongo, jipu la unyayo, au kidole cha tano kilichonaswa kwenye waya vinaweza kumfanya kuku achechemee hivyohivyo. Nimeona mmoja amehukumiwa Marek kumbe uzi wa gunia umemkaba kifundo.

Vifaranga wamejikunyata, kinyesi kina damu

Wiki ya 3 hadi ya 6, mabawa yameshuka, kinyesi chekundu au cha rangi ya matope: ni kuhara damu, koksidiosi. Vijidudu vyake vinakomaa kwenye matandiko yenye unyevu na joto, ndiyo maana banda linalovuja linakuletea ugonjwa huu hata kama kuku mwenyewe hakulowa.

Amprolium ndiyo dawa ya kawaida. Kwa unga wa asilimia 20, kipimo cha kawaida ni gramu 6 katika lita 10 za maji, siku 5 hadi 7. Lakini soma karatasi ya kopo lako, maana nguvu ya dawa inatofautiana. Maji mengine yote yaondolewe. Na sasa ile habari ya B1: amprolium inafanya kazi kwa kuwanyima vijidudu vitamini B1. Ukichanganya vitamini B kwenye maji yaleyale, unavilisha vijidudu. Ukimpa amprolium muda mrefu kuliko ilivyoandikwa, unamnyima kuku mwenyewe, na baadaye unashangaa shingo imepinda. Maliza dawa kwanza, vitamini zifuate. Siku dawa inapoanza toa matandiko yote. Ukiyaacha, kifaranga anakunywa dawa asubuhi na kula vijidudu mchana.

Kama wamejikunyata lakini kinyesi ni cha kawaida, angalia joto. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Umeme wa hapa unakatika usiku bila kuaga. Mama kuku wa hariri ni salama kuliko balbu.

Anajikuna, anakonda, hataki kuingia bandani

Fungua manyoya kuzunguka tundu la haja. Vitu vya rangi ya majani makavu vinavyokimbia, na mayai meupe yaliyogandamana kwenye shina la unyoya, ni chawa. Kama mchana huoni kitu lakini kuku anakataa kuingia jioni, rudi saa tatu usiku na tochi, pitisha karatasi nyeupe chini ya fito na kwenye nyufa za mbao. Nukta nyekundu zinazotembea ni utitiri mwekundu. Unanyonya damu usiku, mchana umejificha ukutani. Kumpaka kuku dawa na kuliacha banda ni kazi bure.

Tumia unga wa permethrin uliotengenezwa kwa kuku, ukiufikisha kwenye ngozi, na urudie baada ya siku 7, kwa kuwa mayai hayafi mara ya kwanza. Nyufa zimwagie maji yanayochemka, kisha uzizibe. Majivu makavu ya kuni yaliyochanganywa na udongo laini wape waoge kila siku, chini ya paa, maana majivu yaliyolowa yanaunguza ngozi. Dawa za kupulizia mashamba usiziguse. Najua ni rahisi sokoni, na najua watu wengi wanazitumia. Kuku huyu mdogo ana ngozi iliyo wazi chini ya sufi yake, na mayai yake watoto wako ndio wanaokula.

Magamba ya miguu yakiinuka na kuwa mazito, ni utitiri wa miguu. Kwa wa hariri unafichwa na manyoya ya miguuni mpaka anapoanza kuchechemea. Osha kwa sabuni na mswaki laini, kausha, paka vazelini au mafuta ya kupikia, kila siku ya pili kwa wiki tatu. Mafuta machafu ya gari na petroli vinaunguza, achana navyo.

Anagonga vitu, anashtuka, hakimbii kipanga

Kishungi kimefunika macho. Kikate kwa mkasi au kifunge na mpira laini, basi. Nakata bila huruma, uzuri wake hautamwokoa na kipanga. Vyovyote vile, ua lifunikwe wavu juu.

Vifo vya ghafla, kukohoa, kinyesi cha kijani

Kideri, yaani Newcastle, hakina tiba. Usiuze walio wazima, usiwapeleke Kadutu sokoni, usimgawie shemeji. Wafu wazikwe kwenye shimo lenye kina au wachomwe, na mwite veterineri.

Inayookoa ni chanjo ya mapema, na hapo ndipo wengi tunakosea. Mara ya kwanza nilichanja kwa maji, kuku wakafa vilevile. Nilikuwa nimetumia maji ya bomba. Dawa inayosafisha maji ya Regideso, shirika letu la maji, inaua na chanjo pia. Tumia maji safi ya chemchemi au ya mvua. Kama una ya bomba tu, koroga kwanza gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, subiri nusu saa, ndipo utie chanjo. Waache kuku na kiu saa mbili kabla, na wamalize maji ndani ya saa mbili. Kosa la pili ni friji iliyozimika usiku kucha. Kwetu, ukiipata chanjo ya I-2, ni bora: inavumilia joto kuliko nyingine, tone moja jichoni, unarudia kila miezi minne. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako, kwa hiyo pangeni siku moja na majirani mgawane gharama.

Vidonda vyenye magaga usoni bila vifo vya ghafla ni ndui ya kuku, inayoletwa na mbu. Mwaga maji yaliyosimama, mpe chakula laini. Usibandue magaga.

Hatagi, au mayai hayaanguliwi

Anataga mayai 100 hadi 120 kwa mwaka, madogo, ya rangi ya maziwa. Kwa hiyo usimlinganishe na kuku wa mayai. Lakini kama amekaa kwenye kiota siku nzima, amejitanua na anaguna ukimsogelea, anaatamia. Wa hariri huatamia hata juu ya jiwe. Kama hutaki, mweke siku 3 hadi 4 kwenye kizimba chenye sakafu ya waya, kilichoinuliwa upepo upite chini ya tumbo, pamoja na chakula na maji. Mimi nadhani ni hasara kumzuia. Mpe mayai ya bata, matano au sita, naye atakaa siku 28 bila kunung'unika. Kila siku mtoe mwenyewe kwa dakika 15 ale, anywe, apate haja, kwa sababu wengine wanajisahau hadi wanakonda kabisa.

Mayai yakitoka matupu mara kwa mara na jogoo yupo, shida mara nyingi ni manyoya tu: sufi imeziba njia. Nyoa duara la sentimita 3 kuzunguka tundu la haja la jogoo na la mtetea, subiri wiki mbili, ndipo ukusanye mayai ya kuatamisha. Vifaranga wakiangua, punguza pia nyuzi ndefu za tumboni kwa mama. Zinawazunguka shingoni na kuwakaba usiku wakiwa wamejificha chini yake.